Akinyamaza, Vuta

Watu wa rika langu huikumbuka miaka ya ruksa kwa mitumba na redio za kaseti. Mimi naikumbuka kwa mafuta. Kabla ya hapo mafuta ya kupikia tulipangia foleni, na aliyepata kopo moja aliyapima kwa kijiko. Hata sufuria ilipanguswa kwa tonge la ugali ili kisipotee kitu. Nani angemwaga mafuta? Halafu biashara ikafunguliwa, yakaja madumu ya njano, mji ukaota vibanda vya chipsi, gesti na hoteli ndogo ndogo, na kila siku karai baada ya karai likamiminwa kwenye sinki. Waliomwaga hawakujua yanakwenda wapi. Sisi tulijua, kwa sababu yalikuja kwetu.

Kwetu ni kwenye mabwawa ya majitaka, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Nilikuwa mwanamke pekee katika kikosi chetu, na kazi yangu ilikuwa kuengua utando. Majitaka yakiingia bwawani hutulia, na mafuta hupanda juu yakiwa yamebeba mabaki yote ya mezani: wali, maharage, maganda ya ndizi, mifupa ya kuku. Nilivuta ule utando ukingoni kwa wavu wa waya uliofungwa kwenye mti mrefu, nikautupa kwenye mtaro tuliouchimba, nikauchanganya na majivu na pumba za mtama, kisha jua la Dodoma likafanya kazi yake. Ukishakauka ulichotwa kwa koleo. Wenye mashamba ya mizabibu walikuja kuuchukua kama mbolea, wala hawakuuliza sana umetoka wapi. Zabibu zao nimezila, na ni tamu.

Mimi ni Mgogo wa kijiji cha Zuzu. Kwetu wanawake hupiga ngoma, kwa hiyo Mungu alinipa mikono na sauti, na akaniongezea hasira ambayo sikumwomba. Shangazi yangu alikuwa akininusa kutoka uani na kunielekeza bafuni kabla sijamwamkia. Nilikuwa namjibu, "Shangazi, hii ni harufu ya wenye nazo." Alicheka, lakini ndoo ya maji aliiacha palepale mlangoni.

Hapakuwa na ubaya wowote katika kuengua utando. Ubaya ulikuwa kwenye chemba.

Bomba kubwa kutoka mjini liliishia kwenye chemba yenye kina cha kisima, halafu ndipo maji yakaingia mabwawani. Wakati wa joto mafuta yalipita bila shida. Kipupwe kikiingia, na upepo wa Dodoma unapopenya hadi kwenye mifupa, mafuta yaliganda mdomoni mwa bomba kama samli kwenye chupa, na mabaki ya chakula yakajijenga humo. Mianzi mirefu tuliyosukumizia ikishindwa kuzibua, ilibidi mtu ashuke na chepe dogo akachonge. Na humo chini kulikuwa na hewa mbaya. Wageni walidhani hatari ni ule uvundo. Uvundo una nafuu, kwa sababu unakuonya. Hewa inayoua ni ile ambayo dakika moja inanuka mayai mabovu na dakika inayofuata huinusi tena, ukadhani umeizoea, kumbe ndiyo inakuchukua.

Aliyeshuka alikuwa Mrangi mmoja kutoka milima ya Kondoa, Mwislamu mwenye mwili mdogo na mabega mazito. Tulimwita Mtu wa Kondoa. Alishuka yeye kwa sababu sisi wengine tusingepita vizuri kwenye mdomo wa chemba, na alishuka bila manung'uniko. Ila alijiwekea sharti lake. Akiwa chini ataimba, na sisi tulioshika kamba juu tutamwitikia. "Siku nikinyamaza," alituambia, "msiniulize kulikoni. Vuteni." Sisi tukalifupisha: akinyamaza, vuta.

Wimbo aliutunga mwenyewe, kutokana na alivyoviokota humo. Aliimba kwa sauti iliyopanda juu ikiwa na mwangwi:

"Nimeokota paja la kuku, nani kala minofu?"

Nami nikaitikia, "Si mimi, si wewe!"

"Nimeokota kichwa cha samaki, nani kala mwili?"

"Si mimi, si wewe!"

Kamba ya katani ilipita kwapani mwake, ikapanda juu ya mti tuliouegesha kwenye mapanda mawili, ikaja mikononi mwangu. Nyuma yangu alikaa mzee wa mjini, ambaye babu zake walifika Dodoma na misafara ya biashara wakabaki. Yeye aliuzungusha mkia wa kamba kwenye kigingi, ili mikono yangu ikiteleza kigingi kishike. Alikuwa mtu wa swala tano na maneno machache, na nilimheshimu. Lakini kwa jinsi alivyokikalia kile kigingi, bila ridhaa yake nisingeweza kuvuta hata shubiri moja.

Tulikosana mara ya kwanza siku ya kawaida kabisa. Msikiti wa mtaa wa jirani ulikuwa umenunua kipaza sauti kipya, na adhana ilitufikia kana kwamba mwadhini amesimama kwenye ukingo wa bwawa. Mtu wa Kondoa alikuwa chini, tunapokezana wimbo. Adhana ya alasiri ikaanza, na wimbo ukakatika. Sikufikiri. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, mzee akashtuka akalegeza kigingi, na Mtu wa Kondoa akatokea mdomoni mwa chemba na ndoo ikining'inia, macho makali.

"Dada, unanivuta nini?"

"Umenyamaza."

"Si adhana hiyo? Huisikii? Unataka niimbe habari za mapaja ya kuku huku naitwa na Mola wangu?"

"Basi mwitikie huyo anayekuita, nisikie sauti."

Alinitazama kama nimesema neno la aibu. "Humu? Kwenye najisi hii nilitaje jina lake?"

Mzee alitikisa kichwa. "Binti yangu, kuna kunyamaza na kunyamaza."

"Kamba haijui tofauti, mzee wangu," nikasema.

Neno hilo halikumpendeza. Nikanuna mpaka jioni. Siku ya pili yake tukakaa chini, wao wawili na mimi na fomani wetu, tukakubaliana: adhana ikilia, kamba itulie mpaka mwadhini amalize. Nilikubali, maana hata mimi sipendi mtu anikatize nikiwa katika sala. Lakini moyo haukukubali. Adhana ilikuwa fupi kwa anayeisikiliza, na kwangu mimi niliyeshika kamba kimya ilikuwa ndefu mno. Nilikuwa nikisikia pumzi zangu mwenyewe, na mara neno la mwisho likiisha na sauti ikipanda kutoka chini, "Nimeokota limau, nani kala supu?", nilijibu kwa kelele mpaka mzee akaziba masikio.

Tukaenda hivyo muda mrefu, na hakuna lililoharibika. Hilo ndilo lililotuzoesha.

Kikaja kipupwe cha mwaka ambao umeme ulikuwa wa mgao. Mjini kulikuwa na mkutano mkubwa, gesti zote zimejaa, vibanda vya chakula vinapika kutwa kucha kwa kuni na mkaa, na mafuta yakashuka kuliko tulivyowahi kuona. Bomba likaziba kabisa. Kwa kawaida mfuniko wa chemba tuliuondoa alfajiri tukaiacha ipumue hadi jua lipande. Siku hiyo fomani alitufikia baada ya chakula cha mchana, jasho linamtoka kwenye baridi. Chemba za mjini zilikuwa zimeanza kutapika barabarani, na mojawapo ilikuwa mbele ya hoteli waliyofikia wakubwa.

"Fungueni sasa hivi," alisema. "Kazi ianze."

"Haijapumua," mzee akamwambia.

"Itapumua mnapofanya kazi."

Nilimuuliza fomani kama yuko tayari kushuka yeye. Akageukia barabara. Hakuwa mtu mbaya, ila wakubwa walikuwa wamemkaba, naye akawa hana wa kumkaba ila sisi.

Mtu wa Kondoa ndiye aliyemaliza ubishi. Mke wake alikuwa amejifungua binti, mtoto wao wa kwanza, na bado hawajatimiza arobaini. Tangu mtoto azaliwe alikuwa akifanya kila kitu kwa haraka ili awahi nyumbani. "Nifungeni kamba," alisema, akivaa gambuti zake. "Nikichonga kidogo tu maji yatajisukuma yenyewe. Jioni nataka kumwogesha mwanangu." Nilimfunga mimi. Nilikaza fundo mpaka akalalamika, akaniuliza kama nafunga mtu au mbuzi. Nilimwambia mbuzi angeshukuru. Akashuka akicheka.

Wimbo ulianza vizuri. Akaokota mfupa wa ng'ombe, akaokota magunzi ya mahindi. Nikaitikia, lakini niliona jambo moja ambalo sikulipenda: kati ya mstari na mstari alikuwa anavuta pumzi mara mbili. Nikainama nikamwuliza, "Kaka, kunanuka?" Akajibu, "Kulikuwa kunanuka. Sasa hapana." Nikageuka kumwambia mzee, na hapo ndipo mzee aliponyanyua kidole akatega sikio upande wa mjini.

"Alasiri," alisema.

Wimbo ulikuwa umekatika.

Kamba ilikuwa imetulia mkononi mwangu. Nilingoja. Fomani alisimama kando, mikono mfukoni, hasikilizi adhana wala wimbo. Nikasema, "Mzee, tuvute." Akanijibu kwa upole, "Tulipatana, binti. Ngoja amalize." Nikasema tena, na sauti yangu haikuwa ya heshima. Akaiweka mikono yake miwili juu ya kigingi. "Hebu tulia," akasema, "hata mwenyewe siisikii vizuri."

Nikamtazama. Alikuwa amekunja kiganja nyuma ya sikio, ameinua kidevu, anaitafuta ile sauti. Ndipo nikatambua kwamba hata mimi sikuwa naisikia ila kwa vipande, upepo ukileta neno na kuchukua neno. Mashine ya kusaga nafaka, iliyokuwa ng'ambo ya mabwawa, ilikuwa kimya tangu asubuhi. Umeme haukuwepo. Mwadhini alikuwa anaita kwa koo lake tupu.

"Mzee," nikasema, "kama wewe uliye juu huisikii, yeye aliye chini anaisikiaje?"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Aliuachia mkia wa kamba kwenye kigingi, akasimama, akashika kamba nyuma yangu, na fomani naye akaja akashika, tukavuta. Mtu wa Kondoa alikuwa mzito kuliko siku zote. Mtu mwenye uhai hukusaidia, hukanyaga ngazi za chuma, hujisukuma ukutani, huyu hakusaidia. Kamba ilinichuna viganja na sikuhisi kitu. Nilichokuwa nakisikia ni gambuti zake zikigonga ngazi moja baada ya nyingine, bila mpango, na nikawa naogopa kila zilipogonga kwamba fundo langu litamtoka mabegani.

Alitokea kichwa kimelala kifuani. Uso ulikuwa wa rangi ya jivu na mdomo una povu. Tukamlaza kwenye majani upande wa upepo, mzee akamfungua shati, fomani akakimbilia barabarani kutafuta gari. Nilimpepea kwa kanga. Nilimgeuza ubavu nikampiga mgongoni. Niliogopa vibaya sana, na mimi nikiogopa hukasirika, kwa hiyo nilimfokea. Nilimwimbia ule wimbo wake usoni kwa hasira, "Nani kala minofu? Nani kala minofu?", kana kwamba ni deni analodaiwa. Mzee alikuwa amepiga magoti upande wa pili, midomo inacheza, machozi yanamshuka kwenye ndevu.

Kisha kifua kikapanda. Akavuta pumzi moja iliyokwaruza, akatapika, akavuta nyingine. Alifumbua macho akatutazama bila kutujua. Nilikaa chini palepale.

Bomba lilizibuliwa kesho yake na kikosi kingine kutoka upande wa mjini. Mkutano ukaisha, wageni wakala wakaondoka.

Hospitalini alilala siku kadhaa. Kifua kilipona, kichwa kilimuuma muda mrefu. Siku niliyokwenda kumtazama nilimkuta mkewe amempakata mtoto, na mzee wa mjini amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani. Mzee alikuwa amekonda kuliko mgonjwa.

"Nililinda adhana, nikamsahau mtu," aliniambia. "Wewe ndiye uliyemkumbuka."

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari, makali, nimeyanoa njia nzima, na yote yakayeyuka.

Mtu wa Kondoa akasema kwa sauti ya kukwama, "Mzee, kosa ni langu. Ningeendelea kuimba zile siku za nyuma, msingezoea kimya changu."

"Usingeweza. Nakujua."

"Siwezi," akakubali. "Wala siwezi kumtaja Mungu ndani ya uchafu ule."

Mtoto alikuwa ameshika kidole cha baba yake, amekikaza. Mzee alikitazama kile kiganja kidogo kwa muda, kisha akasema taratibu, kama anayefikiri kwa sauti, "Mwitikie moyoni. Ulimi uache. Lakini mkono una chepe, na ngazi ni za chuma. Mwadhini akimaliza neno, wewe gonga mara moja. Hilo si kumtaja. Hilo ni kutuambia sisi kwamba uko hai."

Mtu wa Kondoa alinitazama. "Dada, utaridhika na chuma?"

"Nitaridhika na chochote kitakachopiga kelele," nikasema. Mkewe alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Alirudi kazini kipupwe kikiwa kinaondoka. Wengi walidhani hatashuka tena, nami nilitumaini hivyo. Alishuka. Tuliiacha chemba ipumue tangu alfajiri, fomani mwenyewe akiwa amesimama pale, wala hakumharakisha mtu. Mzee alikataa kigingi. Alisema yeye na kigingi basi, kwa hiyo akakishika fomani, na mzee akaketi kando yangu kwenye ndoo iliyopinduliwa. Wimbo ukapanda, dhaifu kidogo kuliko zamani, nami nikaitikia.

Alasiri ikafika. Siku hiyo umeme ulikuwepo. Kipaza sauti kikakoroma, mwadhini akaita neno la kwanza, na wimbo ukakatika. Nilishika kamba mpaka viganja, ambavyo ngozi yake mpya ilikuwa bado laini, vikauma. Mwadhini akavuta pumzi. Kutoka chini kikaja kishindo kimoja cha chepe kwenye chuma.

Neno la pili, kishindo. La tatu, kishindo. Mzee alikuwa ananong'ona kila neno, na midomo yangu mimi, Mkristo wa Zuzu, ilikuwa inahesabu naye. Halafu likaja neno moja refu, mwadhini akalivuta mpaka nikadhani halitaisha, likaisha, na chini kukawa kimya.

Nikajiweka sawa kuvuta. Mzee akanishika mkono. Hakunizuia, alikuwa ameishika kamba pamoja nami, tayari.

Kishindo kikaja.

"Chepe lilimponyoka," mzee akasema, huku yeye mwenyewe akihema.

Tuliifanya kazi hiyo pamoja miaka mingine kadhaa. Wenye hoteli baadaye walilazimishwa kuchimba mashimo ya kunasia mafuta nyuma ya majiko yao, wengine wakachimba, wengine wakapaka chokaa mfuniko tu ili uonekane. Mtu wa Kondoa aliacha kazi akarudi milimani kwao kulima. Mzee wa mjini tulimzika zamani. Mwaka juzi yule binti, ambaye sasa ni mama wa watoto, alinifuata nyumbani kwangu Area D kuniambia kwamba baba yake amefariki. Alifia kitandani kwake, dirisha likiwa wazi. Nililia sana, na nilishukuru pia, kwa sababu alifia juu.

Msikiti ulioko karibu na nyumba yangu una vipaza sauti vinne. Alasiri ikifika, wajukuu wangu wakiwa wanapiga kelele uani, mimi huwaambia watulie kidogo. Wao hudhani naheshimu dini ya majirani, na ni kweli naiheshimu. Lakini mwadhini akimaliza neno na kuvuta pumzi, mikono yangu hukaza chochote ilichoshika, mwiko au ufagio, nami nasikiliza chuma kigongwe.